Uchumi Ukipanda, Nitarudi

Jumatatu, 3 Machi

Mzunguko wa mwezi umeanza tena. Maduka yale yale, vitu vile vile, ukubwa ule ule. Mche wa sabuni, kilo ya mchele, betri za redio, shati la mwanaume la mikono mirefu. Ofisi ya takwimu haitaki shati zuri zaidi, wala lililoshushwa bei kwa kuwa lina tundu. Inataka lile lile la mwezi uliopita, ili tujue bei imesogea au imekaa. Basi ndiyo kazi yangu, kulifukuzia shati.

"Mama Bei kaja!" Huyo ni muuza mashati, meno nje. Nikauliza, akataja, nikaingiza kwenye tableti. Akasema nikilinunua ataniachia kwa chini ya hapo. Kila mwezi ananiambia hivyo, na kila mwezi namjibu kwamba mimi nauliza tu. Leo nimelishika kola. Lingemkaa Fundi vizuri mabegani. Nikalirudisha haraka kwenye msumari kabla sijaanza kulikunjua mikono mbele za watu.

Watu wote wanamwita Fundi, hata mimi niliyeolewa naye. Hata mama yake aliyemzaa! Alikuwa fundi wa tanuri kiwanda cha vigae. Ujenzi ukasimama, vigae vikakosa wanunuzi, matanuri yakazimwa, na yeye akavuka mpaka. Mwaka wa pili huu. Neno lake halijabadilika: uchumi ukipanda, nitarudi.

Nilipokuwa namfungia begi sikulia. Nilidhani uchumi ni kitu cha miezi miwili mitatu, kama mafua mabaya.


Alhamisi, 6 Machi

Leo darasa la kwanza. Kozi ya jioni, uchumi mkuu kwa wanaoanza. Bosi anasema anayetaka kutoka mitaani akakae mezani kwenye hesabu za pato la taifa lazima aipite. Nimemwambia nataka meza. Uongo mtupu! Nataka kujua uchumi unapanda lini.

Mwalimu ni mfupi, mikono imejaa chaki mpaka viwikoni. Tumeshampa jina: Mawimbi. Alichora mstari ubaoni, ukapanda, ukafika kilele, ukashuka, ukafika bondeni, ukapanda tena. Akasema nchi zote hupita humo, hakuna inayokaa kileleni wala inayolala bondeni milele. Nikanyoosha mkono: sisi tuko wapi hapo? Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Akasema swali zuri, ila ubaya wa bonde ni kwamba ukiwa ndani yake huwezi kujua kama ndiyo chini kabisa. Takwimu huja zimechelewa. Unajua ulikuwa bondeni ukishaanza kupanda.

Nimerudi nimenuna. Mtu nimetoka kazini na njaa yangu, naambiwa subiri utajua ukishajua.


Jumamosi, 8 Machi

Fundi amepiga. Yuko kiwanda cha matofali huko, mkataba wa kuongezwa kila mwaka. Anasema tanuri lao ni kubwa lakini halina adabu, linaunguza upande mmoja. Alisema "tanuri langu" akimaanisha la hapa. Nilimsikia.

Mama mkwe kaninyang'anya simu kama kawaida. Umekula? Umekula nini? Sauti mbona hivyo? Aliporudisha zilikuwa zimebaki dakika chache, na mbele ya mkwe mtu unasema nini? Nikasema bei ya betri imepanda. Akacheka. Akasema hakuna mwanamke mwingine duniani anayembembeleza mumewe kwa bei ya betri.

Jioni nilikuwa naosha vyombo, nikajikuta naigonga sahani kwa kiungo cha kidole na kuisikiliza. Hiyo ni tabia yake. Kila kigae kinachotoka motoni hukigonga, kikilia vizuri ni kizima, kikilia bubu kina ufa ndani. Hapa nyumbani aligonga kila kitu, sahani, vikombe, ukuta, mpaka goti langu. Nimezigonga sahani zote. Mama mkwe akachungulia mlangoni, akaniangalia, akaenda zake.

Namkosa. Basi. Niandike tu hivyo.


Jumanne, 11 Machi

Darasa: pato la taifa. Mawimbi anasema kazi huhesabiwa pale inapofanyika. Ukichoma tofali nchi ya watu, tofali hilo ni pato la ndani la nchi ya watu. Pesa unayotuma kwenu huonekana kwetu mahali pengine, safu ya pembeni.

Kwa hiyo Fundi wangu amehesabiwa huko. Mikono ile, macho yale yanayojua moto kwa rangi tu, vyote viko kwenye jumla ya watu wengine. Sisi tuna safu ya pembeni.

Tena akasema kazi ya nyumbani isiyolipwa haihesabiwi. Kufua, kufagia, kupika, kumlea mgonjwa, sifuri. Nilimweleza mama mkwe akiwa jikoni anachambua maharage. Akasema, "Waambie waje wayachambue wenyewe, tuone watahesabu nini." Kisha akaniuliza kama kungoja kunahesabiwa. Nikasema hapana, mama. Akaendelea kuchambua.


Alhamisi, 20 Machi

UMEPANDA!

Saa nne asubuhi ofisi yetu imetoa pato la robo mwaka. Limepanda! Baada ya robo nyingi za kushuka. Na kilichopanda zaidi ni viwanda. Nimesoma ile karatasi nimesimama koridoni, nikarudi kuisoma tena chooni ili nilie kwa nafasi.

Halafu nikatoka kwenda mzunguko wangu na nilipofika kona ya kiwanda, ninayoikwepa tangu mwaka jana, moshi! Bomba lile lile lililokuwa limekaa kama limesahauliwa. Matanuri mawili wamewasha. Nilisimama njiani mwenye baiskeli akanipigia kengele na kunitukana. Nikamshukuru.

Nikampigia Fundi papo hapo, akiwa kazini, jambo ambalo hatufanyagi. Nikasema umepanda, njoo. Akasema nini kimepanda? Uchumi! Kiwanda chako kinatoa moshi! Akaniuliza, "Una uhakika, Mama Bei?" Nikamwambia takwimu zimetoka ofisini kwetu, zina muhuri, unataka uhakika gani mwingine? Akacheka kile kicheko chake cha puani ambacho sijakisikia tangu aondoke. Akasema basi, anatoa taarifa ya kuacha kazi, amalizie mwezi na siku kidogo za kumfundisha atakayeshika nafasi yake.

Mama mkwe ameshaanza kusugua sakafu. Nimemwambia bado wiki kadhaa. Hasikii.


Jumamosi, 22 Machi

Ametoa taarifa. Msimamizi wake kanuna, kasema fundi wa tanuri hapatikani kama chumvi. Na mimi nasema hivyo hivyo! Ndiyo maana tunamtaka.


Jumanne, 1 Aprili

Mzunguko mpya. Bei zimeshuka. Si moja, karibu zote! Mchele chini, betri chini, shati chini. Watu sokoni wanafurahi, mama mmoja aliniambia safari hii umekuja na mguu mzuri. Wauzaji tu ndio hawacheki. Muuza mashati hakusema "Mama Bei kaja." Alitaja bei kwa sauti ndogo akiangalia barabarani.

Kisha duka la vifaa vya ujenzi, la Tajiri. Jina la utani hilo, mwenyewe anavaa kandambili zenye waya. Vigae vya sakafu, boksi moja, lile lile. Bei imeanguka vibaya mpaka tableti ikaniuliza kama nimekosea. Nikamuuliza Tajiri vipi. Akasema kiwanda kinamletea hata asipoagiza. Wanasema weka tu, utalipa ukiuza. Akanionyesha nyuma. "Angalia, mama, naenda chooni kwa ubavu." Kweli, maboksi mpaka darini. Alitembea kiubavu mbele yangu kama kaa, na tumbo lile! Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nimefika nyumbani na furaha. Fundi akija tutaweka vigae jikoni, kwa bei hii mbona rahisi. Nimepima kwa hatua zangu. Kando ya dirisha tutaweka vya rangi ya kahawia iliyopauka, anayoipenda.


Alhamisi, 3 Aprili

Sijui niandikeje hili.

Mawimbi alikuwa anafundisha vipande vinavyojenga pato la taifa. Akasema kitu huhesabiwa kinapotengenezwa, si kinapouzwa. Mmoja akauliza, na kisipouzwa je? Akasema kikiwekwa ghalani huhesabiwa vile vile, kama vile mwenye kiwanda amejiuzia mwenyewe. Akachora ghala ubaoni, visanduku vidogo vidogo, akaendelea kuchora mpaka ghala likajaa. Akageuka. Sasa, akasema, huyu bwana robo ijayo atafanyaje?

Kalamu yangu ikasimama. Nilimwona Tajiri anakwenda chooni kwa ubavu.

Nikauliza, na bei zikishuka karibu madukani kote, kwa mkupuo? Akasema inategemea. Mavuno yakiwa mazuri hiyo ni neema. Lakini zikishuka kwa sababu watu hawanunui, muuzaji anapunguza ili apate chochote, hapo mnunuzi anashangilia wiki moja, wiki ya pili anaambiwa kazini kwake hakuna kazi. Akanitazama. Akasema wewe si unatoka ofisi ya takwimu? Nikasema ndiyo. Basi pato likipanda kwa sababu ya vitu vilivyolala ghalani, akasema, usishangilie mapema, ndugu yangu.

Ndugu yangu! Mimi nimeshamtoa mtu kazini.


Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda kiwandani. Nilijiambia labda ni Tajiri tu, labda yeye hajui kuuza.

Uzio wa upande wa nyuma una matundu. Vigae vimepangwa kuanzia ukutani mpaka karibu na geti, vimefunikwa maturubai, na pale turubai lilipoisha wamefunika kwa magunia, na pale magunia yalipoisha wameviacha hivyo hivyo. Njia ya magari imebaki nyembamba. Hakuna lori hata moja linalopakia.

Mlinzi wa getini ananijua tangu enzi za Fundi. "Shemeji! Bwana anarudi lini?" Nikasema karibuni. Uso ukamshuka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba waliwasha wakitegemea oda za majengo mapya, wakaambiwa zinakuja, wakachoma usiku na mchana. Oda hazijaja. Tanuri moja linazimwa mwisho wa mwezi, la pili wanaliangalia. Wengi wa waliorudi ni vibarua wa siku. Nikauliza, na Fundi akija? Akakuna kichwa. "Fundi akija tutamnywesha chai, shemeji. Kwa heshima zote."

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kukaa na watu.

Kosa ni langu, wala si la takwimu. Takwimu zilisema kweli, vigae vilichomwa, vipo, nimeviona kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyesoma moshi nikaona mume wangu.


Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa anakunja mashuka ya kitanda chetu, aliyafua bila kuambiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema usimwambie.

Nikasema mama, akiondoka kule nafasi yake inachukuliwa kesho yake. Hapa atakuja kukaa mlangoni anaangalia bomba lisilotoa moshi. Tutaishi kwa mshahara wangu mmoja. Akasema yeye ameshaishi kwa mshahara mdogo kuliko huo, na watoto wanne. Akasema mwache aje, akifika ameshafika. "Huo uchumi wako wa kupanda na kushuka utanizika mimi sijamwona mwanangu?"

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema ananisikia usiku ninavyogeuka kitandani. Kuta zetu ni nyembamba. Akasema, "Na wewe mwenyewe unaisha, mama. Hujioni tu." Niliona haya nikaenda kuangalia maji jikoni, na hapakuwa na maji jikoni.

Nataka aje. Ukweli ndio huo, nataka aje hata kama nchi nzima imelala chini. Nataka harufu yake ya majivu kwenye mto. Nataka anigonge goti aseme zima hili.


Jumanne, 8 Aprili

Alipiga. Ameshakata tiketi ya Jumapili! Anamfundisha kijana wa watu rangi za moto, anasema kijana haoni tofauti ya chungwa na chungwa. Anacheka kila neno. Akaniuliza habari za huku. Nikamweleza maharage yamekataa kuiva. Nikamweleza mama yake amesugua sakafu mpaka imeanza kuisha. Kiwanda je? Nikasema moshi bado unatoka.

Unatoka, si uongo. Nimekata simu mwili wote unaniwasha.


Alhamisi, 10 Aprili

Darasa: matarajio. Watu wakiamini mambo yatakuwa mazuri, hununua. Wakinunua, viwanda huchoma. Vikichoma, watu hupata kazi, na mambo yanakuwa mazuri kweli. Wakiogopa, vivyo hivyo kinyume chake. Nimeandika kila neno. Nilitaka aseme tena.

Nilitoka nikapita moja kwa moja kwa muuza mashati. Nikalitoa lile shati kwenye msumari mwenyewe. Akashtuka. "Leo unanunua, Mama Bei?" Nikasema leo nanunua. Akalikunja kwa taadhima, akalitia kwenye mfuko, akaongeza na mfuko wa pili. Haya, nimeinua mahitaji ya nchi kwa shati moja! Watu wengine wote na wao wafanye sehemu yao, wanunue vigae, upesi, kabla ya Jumapili.


Jumapili, 13 Aprili

Ujumbe wa Fundi, asubuhi: nimeshapanda basi. Msimamizi kanishika mkono mpaka kituoni, kasema nafasi yangu ipo hadi Jumanne jioni, kijana bado hajui kitu. Nimemwambia asijisumbue.

Nimemjibu: safari njema. Maneno mawili. Nimeyatazama mpaka kioo cha simu kikazimika.


Jumatatu, 14 Aprili

Niandike kabla sijaanza kujidanganya kuhusu ilivyokuwa.

Alipiga mchana, mji wa mpakani, pale wanapobadilisha mabasi. Nilikuwa duka la viatu na tableti mkononi. Kelele za wapiga debe nyuma yake. Alikuwa anatafuna kitu. Akasema hapa kuna mabasi mawili yamekaa ubavu kwa ubavu, moja linakuja kwetu na moja linarudi alikotoka, nusura apande lisilo lake. Akacheka. "Haya niambie, mtaalamu wangu. Tunapanda au tunashuka?"

Alikuwa anatania. Alitaka niseme tunapanda, aseme haya, apande. Nilikuwa na neno hilo mdomoni.

Nikamwambia yote. Tajiri na maboksi yake, maturubai, magunia, mlinzi, tanuri linalozimwa. Pato limepanda kwa vigae vilivyolala. Bei zinashuka kwa kuwa hakuna anayenunua. Nilisema haraka haraka, mwenye duka la viatu akaacha kupanga viatu akawa ananisikiliza. Fundi aliacha kutafuna.

Umejua lini? Nikasema siku kumi sasa. Nikasikia mpiga debe anataja mji wetu. Akasema, "Kwa hiyo unaniambia nirudi." Nikasema sikwambii urudi, nakwambia nilichokiona. Akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo:

"Sikuulizi ulichokiona, mke wangu. Nakuuliza unataka nini."

Na mimi — mimi! — nikaanza kumweleza kuhusu robo ijayo. Kwamba maghala yakipungua huenda robo ijayo, ikitegemea. Robo ijayo! Mtu kasimama juani katikati ya mabasi mawili ananiuliza kama namtaka, namjibu ikitegemea.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema haya, wanaita abiria. Akakata.

Nimepiga tena, haipatikani. Nimepiga nikiwa njiani, nimepiga nikiwa nyumbani. Laini yake ya kule haishiki upande huu, na kama amerudi kule ingeshika, ila labda yuko barabarani kusiko na mtandao, ila labda ameizima. Nimefikiria kila namna.

Mama mkwe nilimwambia. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, alipokuuliza unataka nini, ulimjibuje? Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona kwake.


Jumanne, 15 Aprili

Kituo cha mabasi. Nimekuja kwa kazi, nauli za mikoani ni za wiki hii. Ningeweza kuja kesho. Nimekuja leo.

Nauli imeshuka. Karani wa tiketi anasema mabasi yanaondoka na viti vitupu, wakiweka bei ya zamani watabeba upepo. Nikaingiza. Nikamuuliza basi la kutoka mpakani linafika saa ngapi. Akasema lilikuwa lifike mapema, limepata pancha, sasa wakati wowote. Nikamuuliza ana majina ya abiria? Akasema wanapanda tu, mama, nani ataandika majina.

Nimekaa benchi la saruji. Nimevaa gauni langu zuri la bluu, na nimekasirika kwa kulivaa. Shati lipo kwenye mkoba, sijui kwa nini nimelibeba.

Nimemwandikia ujumbe. Wa kwanza ulikuwa mrefu, una maelezo, nimeufuta. Wa pili ulikuwa na samahani nyingi, nimeufuta. Nimeupeleka huu: Nakutaka nyumbani. Tanuri liwake lisiwake. Simu inasema haujafika.

Nilimwambia ukweli, na sasa namwomba Mungu, Fundi asiwe ameufuata.

Mama mkwe alikataa kuja. Alisema miguu inamuuma. Nilipofika barabarani nilimwona ametoa kiti mlangoni, amekiweka kinapotazama njia.

Linaingia. Ndilo, lina vumbi la safari, kioo cha mbele kina ufa. Limezunguka uwanja mzima, limesimama mbele yangu ubavu usio na mlango. Mlango uko upande wa pili! Siwaoni wanaoshuka. Nimeinama, kutoka hapa benchini naona chini ya basi, naona miguu tu. Viatu vya mwanamke, vyekundu. Miguu ya mtoto, inarukaruka. Mzee, na fimbo. Buti, zimekwenda. Kandambili, zimekwenda. Wapagazi wamejazana.

Ninyanyuke nizunguke. Ni hatua chache tu. Badala yake naandika, ili mikono iwe na kazi.

Wengi wameshashuka sasa. Dereva amezima injini. Kuna viatu vya mwanaume, vya kahawia, vimeshuka vikasimama pale pale. Haviendi kwa wapagazi, haviendi getini. Begi limewekwa chini kando yake, sioni ni la rangi gani, gurudumu limelikinga.

Alipoondoka hakuwa na viatu vya kahawia. Lakini huu ni mwaka wa pili, na viatu huisha.